Yai la Pili

Kuku wa kwanza alikufa siku ya tatu baada ya sisi kuhamia Timau. Nilifungua banda asubuhi nikamkuta amelala ubavu, miguu imenyooka, na ule upanga wake mkubwa wa kichwani, ambao kwetu Ishiara kwenye joto ulikuwa mwekundu wa kujivunia, umegeuka zambarau. Nilisimama pale na bakuli la mtama mkononi nikiwa nimeduwaa. Kwetu kuku hufa kwa kideri, au kwa mwewe, au kwa kisu mgeni akija. Sikuwa nimewahi kuona kuku aliyeuawa na hewa.

Mama mkwe alitoka jikoni kwake, akamtazama kuku, kisha akanitazama mimi niliyejifunga blanketi juu ya sweta.

"Hii kuku ni ya jua," akasema. "Kama wewe tu."

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimzika yule kuku nyuma ya banda bila kumjibu, na kila bonge la udongo nililotupa nililitupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mimi ni Mmbeere wa Ishiara. Mume wangu, mzaliwa wa Timau, alinikuta Embu mjini mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nikipiga taipu katika ofisi moja na yeye akiendesha lori. Tulioana, tukapata mtoto wa kike, kisha akapata kazi ya trekta kwenye mashamba ya ngano kwao. Tukapanda huko na vyombo vyetu, mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na kuku sita ambao mama yangu alikuwa amenichagulia mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kuwapapasa vifua. Tulifika mwezi wa sita. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mtu hahamii Timau mwezi wa sita.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Mwanzoni nilidhani mtu amemwaga unga. Nilipozikanyaga zikalia chini ya viatu, na maji niliyoacha kwenye karai nje yalikuwa na utando mgumu juu yake. Niligonga utando huo kwa kidole nikarudi ndani kumfunika mtoto tena, ingawa nilikuwa nimeshamfunika.

Mume wangu alilala kambini shambani, akawa anakuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya kanisa. Kwa hiyo siku nyingi uwanjani tulikuwa watatu: mama mkwe, mimi na mtoto. Kimbeere changu na Kimeru chake vilielewana nusu tu, basi mambo mazito tuliyasema kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na neno lake likishatoka mdomoni halikurudi. Hakunichukia. Alinitazama tu vile mtu anavyotazama mche uliopandwa mahali pasipoufaa, akisubiri uanguke.

Kufikia mwisho wa mwezi wa saba nilikuwa nimebaki na kuku wawili, na hao wawili walikuwa wamesahau kutaga. Walisimama ukutani siku nzima mguu mmoja juu, macho nusu wazi. Lakini si wao walionitoa usingizini. Mtoto alikuwa ametoka kwenye surua tukiwa bado Embu, na baridi ilimkuta hajapona vizuri. Mikono yake ilianza kuwa myembamba. Alikuwa akilia kwa sauti ndogo, kisha akaanza kutolia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Pale kliniki sista alimning'iniza kwenye mizani, akasoma, akachora alama kwenye kadi. Mstari ambao Embu ulikuwa ukipanda vizuri ulikuwa sasa umeinama. Aligeuza kadi nami nikauona kwa macho yangu.

"Mama, huyu anataka yai," akasema. "Moja kila siku. Si moja kwa wiki, nasema kila siku. Hii mstari ikiendelea kushuka, mimi namwandikia aende Meru alazwe."

Kulazwa. Mdogo wangu wa kike alilazwa akiwa na umri ule ule, na mama yangu alirudi nyumbani Ishiara akiwa amekumbatia shuka peke yake. Nilitoka kliniki nikiwa nimemshika mtoto kwa nguvu hadi akajinyonganyonga.

Basi nikaanza kutafuta yai. Nani angeamini kwamba mtu anaweza kuzunguka kutwa nzima kutafuta yai moja? Dukani hakuna. Mashamba makubwa yalikuwa na kuku, lakini mayai yao yalikwenda Nanyuki kwenye hoteli. Jirani wa kwanza akaniambia kuku wake watataga jua likirudi. Jirani wa pili akacheka. Wa tatu, aliyeniona nimekaribia kulia, akaninong'oneza kwamba niende juu, karibu na msitu, kwa mjane wa mpishi.

Marehemu mume wa mama huyo alikuwa mpishi wa mzungu mmoja aliyeuza shamba na kuondoka baada ya uhuru. Mzungu alimwachia mpishi sufuria, saa ya ukutani isiyotembea, na kuku. Mpishi akafa, saa ikatundikwa vilevile, kuku wakaendelea kuzaana. Watu wa kanisa hawakuwa wakifika kwake sana. Alinusa ugoro, alisema alichotaka, na shamba lake la viazi lilikuwa limejaa magugu kwa sababu ya mgongo wake mbovu.

Nilimpelekea kikapu cha ndengu za kwetu nikamweleza shida yangu. Mayai alikataa kuniuzia, akasema yote anayaatamisha. Lakini alizipenda ndengu. Akaniambia nichague kuku mmoja.

Nilichagua kama mama yangu alivyonifundisha. Nikamwonyesha mwekundu mmoja mnene, kifua kipana, upanga mkubwa ulioangukia jicho. Mjane alicheka hadi akashika mgongo.

"Hiyo ni ya kuchinja," akasema. "Wewe unataka nyama ama unataka yai? Huku ukitafuta kuku ya kutaga, angalia kichwa. Upanga kubwa inashika baridi, kuku inakufa kutoka juu. Chukua hii."

Akanishikia kitu ambacho sikukitarajia. Kuku mdogo wa kijivujivu, amevimba manyoya kama aliyevaa makoti mawili, upanga wake mdogo kama punje ya njegere, na chini ya mdomo, Mungu wangu, ana ndevu. Ndevu kabisa, zimejaa mashavu yote mawili. Nilirudisha mkono nyuma.

"Sura ni mbaya," mjane akakubali. "Lakini inataga hata maji ikiganda."

"Kila siku?"

"Leo inataga, kesho inapumzika. Kwani wewe hupumziki?" Kisha nilipokuwa nikimfunga kuku miguu akaongeza, "Yai yake usiogope."

Nilidhani anamaanisha ni dogo.

Siku ya tatu yule kuku alilia kutoka bandani ile sauti ya kujisifu, nikakimbia. Nilipiga magoti nikaingiza mkono kwenye nyasi zenye joto, nikatoa yai, na nilipoliona nusura nilidondoshe. Lilikuwa la kijani. Si chafu, si lenye madoa: la kijani kote, kijani kile kilichofifia cha kuta za ofisi za serikali. Nililisugua kwa kanga, rangi haikutoka. Nikatema mate nikasugua tena. Nikalinusa. Nikalitikisa sikioni. Nilikaa pale chini kwenye mavi ya kuku nikiwa na yai la rangi ya ofisi mkononi, nikimtazama kuku naye akinitazama na ndevu zake.

Mwishowe nililivunja ukingoni mwa sufuria, nikiwa nimefumba jicho moja. Ndani lilikuwa yai. Ute ni ute, kiini ni cha manjano, kizuri kuliko vya mayai yote niliyowahi kuona. Nililikaanga nikaonja kwanza mimi. Nilingoja kidogo nione kama nitaanguka, kisha nikamlisha mtoto, naye akala lote na kulamba kijiko. Nililia kwa furaha. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, maana furaha ilinifanya nitake kushuhudiwa.

Siku mbili baadaye akina mama wa kanisa walikuja kumwombea mtoto. Ndiyo desturi: nyumba ikiwa na mgonjwa huja na kuni mgongoni, sukari, unga wa uji, huimba, huomba, hunywa chai. Walijaa sebuleni wakiongozwa na mama mkwe. Baada ya maombi mmoja aliuliza mtoto anakula nini. Badala ya kusema uji, nikasimama, nikaenda kabatini, nikarudi na yai la siku ile nimeliweka kwenye sahani ya maua, kama mtu anayeleta keki.

Mwanamke aliyekuwa karibu nami aliinuka akasogea ukutani. Mwingine akalitaja jina la Yesu mara tatu. Kikombe kilianguka.

"Hiyo ni nini?" mmoja akauliza.

"Ni yai," nikasema. "Ya kuku."

"Kuku gani?"

Nikataja nilikotoa kuku. Hapo ndipo macho yote yalipomgeukia mama mkwe, na mimi, mjinga wa Ishiara, ndipo nilipotambua nimemvua nguo mbele ya wenzake. Katika nyumba ya mwenyekiti, mtoto mgonjwa analishwa kitu cha kijani kutoka kwa mama wa ugoro. Alisimama polepole.

"Mbele ya hawa wamama na mbele ya Mungu," akasema, "nikiwa hai, hiyo yai haitaingia kwa mdomo ya mjukuu wangu."

Wakasema amina. Mimi nilibaki nimeshika sahani.

Je, ningefanya nini? Mstari kwenye kadi haukuwa umesikia kiapo. Kuku nilimwacha bandani, na mama mkwe hakumgusa, kwa kuwa aliapa juu ya yai na hakuapa juu ya kuku. Kila kuku alipotaga nililichemsha yai jikoni kwangu mlango umefungwa, nikalimenya, na likishamenywa lilikuwa jeupe kama la mtu yeyote. Maganda niliyasukuma ndani kabisa ya jivu la mafiga. Mtoto alikula siku moja, akakosa siku moja, kama kuku alivyotaka.

Kisha, baada ya wiki moja hivi, kuku akaanza kutaga kila siku. Nilishangaa, lakini kwa furaha. Nilisema amezoea, amenipenda, ni mtama wa kwetu. Kila asubuhi nikipeleka mtama nilikuta yai, au kuku alilia mchana nikakuta yai. Siku ya kliniki mstari ulikuwa umeinua kichwa. Kidogo tu, lakini sista alipiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Siku mbili baada ya hapo niliingia bandani asubuhi nikakuta yai kwenye kiota. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikalichukua. Mchana kuku alilia, nikaenda, nikakuta jingine, la moto. Nilisimama nimeshika mayai mawili, moja kila mkono. Kuku mmoja hatagi mara mbili kwa siku moja. Hakuna kuku wa hivyo, wa mzungu wala wa mtu mwingine.

Kesho yake nilikaa jikoni tangu alfajiri nimebandika jicho kwenye ufa wa ukuta. Kulikuwa na ukungu. Nilimwona mama mkwe akitokea nyuma ya ghala, kutoka upande wa barabara ya msituni. Alikuwa ametuambia kwamba anakwenda maombi ya asubuhi kwa wiki hizo. Lakini buti zake za mpira zilikuwa na udongo mweusi hadi magotini, na upindo wa sketi ulikuwa mzito kwa tope. Nani anaomba ndani ya tope? Alitazama nyumba yangu. Akatazama njia. Kisha akainama bandani, akatoa kitu kifuani, akakiweka, akaenda zake jikoni kwake huku akijipangusa mikono.

Nilikwenda. Lilikuwa yai. La kijani.

Mwanamke aliyeapa mbele ya Mungu kwamba yai lile halitaliwa, leo analiingiza bandani kwangu kwa siri akitoka njia ya msituni na matope? Sikuona maelezo isipokuwa moja. Kule juu, watu walisema, kulikuwa pia na mtu wa dawa. Niliamini kwamba amelichukua yai moja la kuku wangu, amelipeleka likafanyiwe kitu, amelirudisha, ili mtoto akilila na kuzidiwa yeye asimame mbele ya wale wanawake aseme, niliwaambia. Kwamba mtoto alikuwa ameshakula mengine kama hayo na kuongezeka, hilo halikunipa akili. Lilinizidishia hofu tu, nikasema dawa hiyo ni ya polepole.

Ningemuuliza. Ilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wangu hadi wake. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa haiulizi. Nililichukua lile yai hadi chooni nikalitupa shimoni.

Nililitupa na la kesho kutwa yake, na la zamu iliyofuata. Nilishaijua ratiba: yai la kuku wangu lilikuwa na joto na lilikuja na kelele, yai la mama mkwe lilikuwa baridi na lilikuja kimya, siku ambazo kuku hatagi. Lile la joto nilimpa mtoto. Lile baridi, chooni. Mara nyingine nilikutana naye uwanjani nikitoka kutupa, tukasalimiana.

"Mtoto ameamka aje?"

"Ameamka salama, Mama."

Alikuwa amekonda. Niliona, nikasema moyoni, dhambi inamla.

Siku ya kliniki mstari ulikuwa umeshuka tena. Si sana, lakini umeshuka. Kulikuwa pia na baridi mpya, mvua ya upepo iliyokata masikio, na mtoto alikuwa na kikohozi. Sista hakupiga makofi. Alinitazama usoni akauliza kama nampa yai kila siku, nami nikasema ndiyo. Akasema ananipa wiki mbili za mwisho, kisha ni Meru.

Sijui nilitembeaje hadi nyumbani. Mama mkwe alikuwa amesimama langoni kwenye baridi, shuka begani, ananingoja. Hakuwa amesoma, lakini mstari ule alikuwa ameujua. Alinyoosha mkono nikampa kadi. Akafuata alama kwa kidole, moja moja, hadi ya mwisho.

"Imeshuka," akasema.

"Imeshuka, Mama. Amenipa wiki mbili."

"Haiwezi."

"Ameandika hapo."

"Haiwezi kushuka!" Alipaza sauti nikaruka. "Itashuka namna gani? Yai ilikuwa kila siku! Mimi mwenyewe nilikuwa—"

Akanyamaza. Akafunika mdomo kwa kiganja, na nilikiona kiganja hicho. Kilikuwa kimechubuka chote, malengelenge yaliyopasuka juu ya malengelenge, na udongo mweusi umeingia kwenye nyufa ambapo maji hayawezi kuutoa. Nilikifahamu kile kiganja. Mama yangu alikuwa na vile msimu wa palizi.

Alikaa chini pale pale langoni, mwenyekiti wa akina mama, kwenye matope.

"Nililimia yule mjane wa mpishi viazi," akasema bila kunitazama. "Safu mbili, yai moja. Ningesema nini na nilishaapa mbele ya watu? Nikaona maganda kwa jivu yako. Nikajua unampatia. Nikasema basi, ile siku kuku inapumzika, mimi nitaleta yangu."

Nilikuwa namsikia na simsikii. Safu mbili za viazi kwa mgongo ule wa uzee, kabla ya jua kutoka, kwenye nyasi nyeupe zile, kwa mwanamke ambaye kanisa lake halikumsalimia. Kisha kubeba yai kifuani lisivunjike, kilomita zote hizo. Na mimi.

Aliinua macho. Yalikuwa mekundu, na yalikuwa na swali ambalo nililijua kabla hajalitoa.

"Ulikuwa unampatia yote?"

Mlango wa choo ulikuwa nyuma yake, wazi, ukipigwa na upepo. Niliutazama.

"Yote, Mama," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akifikiri. Alinirudishia kadi. Akashika nguzo ya lango akajiinua.

"Basi moja haitoshi," akasema. "Kama moja haitoshi, ni mbili."

Jumapili ile hakukaa kiti chake cha mbele. Alichelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tulikuwa tumetoka nje baada ya ibada, akina mama wamesimama makundi makundi, aliposhuka barabara ya msituni akiwa na buti zile zile na kuku mwingine wa ndevu chini ya kwapa, kichwa cha kuku kimetokeza mbele kikitazama watu. Alikuwa amepalilia shamba lote lililobaki kumpata. Alipita katikati ya wanawake wale, akasimama.

"Hii kuku inataga yai ya kijani," akawaambia. "Mjukuu wangu ataikula. Niliapa vibaya, na Mungu nimeshamwambia. Sasa nawaambia nyinyi."

Hakuna aliyesema amina. Mmoja alicheka kwa mshtuko, kisha akaacha. Mama mkwe alinikabidhi kuku akaingia kanisani peke yake. Alikaa huko kitambo.

Kuku wawili, wakipishana siku zao, walitupa yai kila siku, na siku nyingine mawili. Mama mkwe alimlisha mtoto mwenyewe, mlango wazi, maganda ya kijani akiyatupa uwanjani mahali ambapo kila mpita njia angeyaona. Baada ya wiki mbili mstari ulipanda. Baada ya mwezi ulipanda hadi sista akaonyesha kadi yetu kwa wengine. Meru hatukwenda.

Mwaka uliofuata tulipata jogoo kwa mjane, nasi tukaanza kuatamisha. Kazi ya kuchagua akaichukua mama mkwe. Alikaa kwenye kigoda na vifaranga waliokua kidogo, anamshika kila mmoja kichwa, anapima upanga kwa ncha ya kidole. Mwenye upanga mkubwa, sufuria. Mwenye kuacha kutaga mwezi wa saba, sufuria. Mwenye ndevu na mwenye kutaga nyasi zikiwa nyeupe, huyo anabaki. Wanawake wale wale waliosogea ukutani walikuja mmoja mmoja kuomba mayai ya kuatamisha, na leo ukipita upande ule utaona ndevu katika nyua nyingi. Wale wawili wangu wa Ishiara, wazuri wa sura, tuliwala Krismasi ya kwanza.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tulipatana, tukapendana, tukagombana kama watu wanaopendana. Kulikuwa na siku nyingi, tukimenya njegere au tukiota moto, ambapo neno lilinifika kooni. Nilikuwa nikitazama viganja vyake nikalimeza. Wajukuu waliofuata, kila aliyemtembelea, hakuondoka jikoni kwake bila kula mayai mawili, ashibe asishibe. Mtu akimwambia kwamba daktari anasema moja latosha, alikasirika kweli. Alisema daktari hakuwa hapo, yeye alikuwa hapo, yeye aliona mtoto akila moja kila siku na bado mstari ukashuka. Alikufa akiamini hivyo.

Binti yangu anakaa Embu sasa, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na ana watoto wake. Juzi nilimkuta asubuhi akiwapangia mayai mezani, mawili kila sahani, yule mdogo akilalamika kwamba ameshiba. Akamwambia ale, Nyanya wa Timau alisema moja halitoshi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Niliingia, nikaketi karibu na yule mdogo, nikammenyea la pili.